Bendera ya Watu Wengine

Kaka yangu Chileshe hakuwahi kuchelewa popote. Baba yetu alikuwa mtu wa reli, na nyumbani kwetu Makomeno, Lubumbashi, hata chai ilinywewa kwa saa. Kwa hiyo mwaka 1975, alipopelekwa Ubelgiji kusomea madini kwa miezi mitano, hatukuhofia saa. Tulihofia baridi. Mama alimfungia sweta tatu na kumwamuru azivae zote pamoja.

Mambo yalikuwa wazi: afaulu mtihani wa mwisho, arudi, amalize masomo, awe injinia wa shaba. Akianguka, bourse, ile pesa ya masomo, imekufa, na sisi tulikuwa tumekwisha kujitapa mtaa mzima.

Mtihani ulikuwa wa mdomo, saa mbili kamili asubuhi. Chileshe alitoka saa moja. Alipofika mbele ya ofisi ya manispaa, mlinzi alikuwa anapandisha bendera, sijui kwa sikukuu yao gani. Chileshe akasimama wima, mikono ubavuni.

Ambaye hakuishi kwetu miaka ile atacheka. Na acheke. Kwetu filimbi ikilia, bendera ikianza kupanda, mji wote ulisimama: magari, baiskeli, mama mwenye beseni la samaki kichwani. Jirani yetu Wivine alipiga hatua mbili tu, amtoe mtoto juani, akalala kituo cha polisi siku mbili. Mwili unajifunza. Hauulizi bendera ni ya nani.

Kamba ikanasa. Bendera ikakwama katikati ya mlingoti. Mlinzi akaitukana, akaenda kutafuta ngazi. Chileshe akafikiri: haipandi, haishuki, sheria inasemaje? Sheria haikusema kitu. Akaendelea kusimama. Wanafunzi wenzake wakampita, mmoja akamuuliza kama mgongo unamuuma. Mvua ikaanza. Ngazi ikaletwa, ikawa fupi, ikatafutwa nyingine. Bendera ilipofika juu ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Profesa alikuwa amefunga mlango, na hakuufungua.

Aliporudi nyumbani, akaitwa kwenye ofisi ya bourse, mbele ya citoyen Sumaili (miaka ile wote tuliitwa citoyen, yaani raia), mtu ambaye makarani wake walikohoa kwa ruhusa. Huyo ndiye angemruhusu kurudia mtihani hapa nyumbani, au angelifuta jina lake. Nilimsindikiza kaka, nikakaa kwenye benchi ndani, karibu na mlango.

"Ulichelewa juu ya nini?" Sumaili akauliza.

"Bendera ilikuwa inapanda, citoyen. Nilisimama."

"Bendera ya nani?"

"Ya Babeleji."

Karani mmoja akaacha kupiga chapa. Kuisimamia bendera ya wale tuliojitoa mikononi mwao! Nikaona kaka yangu amekwisha, na nikakasirika, wala si kwake. Wakubwa wetu wenyewe walimfundisha kusimama, sasa watamfuta kwa sababu alisimama.

"Bale bantu bengine ba kule, banasimamaka?"

"Hapana, citoyen. Banapita tu."

"Na weye?"

"Miguu ilisimama yenyewe."

Sumaili akawatoa makarani nje. Akafunga mlango, akarudi kwenye kiti chake, akashusha sauti. Mimi alinisahau, au hakunijali.

"Balikucheka?"

"Balicheka sana."

"Na miye balinicheka," akasema. "Nilisimama Bruxelles, mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na bibi yangu, mama wa batoto bangu."

Hakuna aliyetabasamu. Nilitaka kulia, sikujua nianze kumlilia yupi. Sumaili akavuta fomu, akaandika kwenye sababu ya kuchelewa: malaria. Akagonga muhuri, akatufukuza.

Chileshe alirudia mtihani Septemba, hapa Lubumbashi, saa mbili asubuhi, na alifaulu. Siku hiyo aliondoka nyumbani saa kumi alfajiri, apite mjini kabla mtu yeyote hajagusa bendera.