Sauti ya Odeta, Mdomo wa Jeannine

Kwaya zetu za Mpanda zina utaratibu: sauti inarekodiwa kwanza studio, halafu siku ya video watu wanavaa sare, wanasimama mbele ya gari la mtu ambaye hata kanisani haji, na wanachezesha midomo. Ndivyo sauti ya Odeta ilivyoachana na mdomo wake bila kuaga.

Odeta anakaa Kawajense na anafagia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Akiimba, hata wanaokuja ibadani kusinzia wanaghairi. Wimbo huu aliutunga mwenyewe baada ya kumzika mama yake, Séverine, kule Sibwesa. Jina la mama limo humo, linaitwa kwenye kiitikio. Kasoro moja: meno ya mbele ya Odeta ni ya kahawia tangu utotoni.

Walipotoka studio, mwalimu wa kwaya, Callixte, akamvuta pembeni.

"Mama Fabrice, sauti tumeshachukua, Mungu akubariki. Ila kamera za siku hizi zinaona kila kitu."

"Kama Mungu?"

"Mungu anasamehe, mama. Watu wa YouTube hawasamehe."

Akampa hadi Jumamosi ya wiki inayofuata. Meno yakigoma kung'aa, mbele atasimama Jeannine, binti mwenye meno kama mchele wa Usevya na sauti kama mlango wa stoo.

Odeta alianza vizuri, alienda kwa daktari wa meno. Daktari akamulika.

"Hii rangi iko ndani ya jino, siyo uchafu. Tumia mswaki laini na dawa yenye floridi, asubuhi na kabla ya kulala, bila kukwangua. Usiguse mkaa, ndimu wala majivu. Ukitaka yawe meupe zaidi, tutapaka dawa hapa hapa, taratibu."

"Kwa Jumamosi je?"

"Jumamosi utakuwa na meno haya haya, na ushukuru."

Ushauri mzuri, ila haukuwa na haraka. Mashineni, akina mama wanachoma pumba za mpunga na kusugulia sufuria majivu yake. Mariana, mfagiaji mwenzake, akainua sufuria juani.

"Hii ilikuwa nyeusi kama dhambi. Jino litaishinda sufuria?"

Odeta akakamulia ndimu kwenye majivu, akasugua. Akarudia kila siku, kwa juhudi ambayo hata sufuria haijawahi kuipata. Ijumaa meno yakawa yamefifia, karibu meupe.

"Umekuwa Mzungu wa mdomoni!" Mariana akapiga vigelegele. Odeta akacheka bila kuweka mkono mdomoni, akazunguka mashine nzima akicheka, hata kwa wateja asiowajua.

Asubuhi ya video, bustani ya gesti ilikuwa na upepo wa Juni. Muziki ukaanza. Odeta akafungua mdomo, ubaridi ukaingia, na meno yote ya mbele yakapiga kelele kwa pamoja. Akajishika mdomo.

"Rudia!" Callixte akaita. "Mama, huo ni wimbo wa mbinguni, mbona sura ya aliyebanwa na mlango?"

"Nipeni kitenge nijizibe mdomo."

"Tunashuti ninja?"

Alijaribu tena, akashindwa machozi yakimtoka. Mpiga picha akasonya. Jeannine akaitwa mbele, huku Odeta akirudishwa nyuma ya mlingoti wa bendera.

Daktari alipomwona tena hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba ganda la jino likishakwanguliwa halioti tena milele, kisha akampa dawa ya kupunguza ganzi. Sasa Odeta anakunywa maji ya uvuguvugu.

Video ilipotoka, Mariana aliiweka kwenye simu pale mashineni. Jeannine akafungua meno yake meupe, na ndani yake ikatoka sauti ya Odeta ikimlilia Séverine. Mama yake Jeannine mwenyewe yuko hai, anaonekana safu ya pili akitabasamu.

"Huyu binti ni hatari," mteja mmoja akasema. "Anaimba kama kweli amefiwa."

Odeta alitaka kumjibu. Lakini mlango ulikuwa wazi na upepo unavuma, akaufumba mdomo, akaendelea kufagia pumba.