Vichupa vya Marehemu

Nilirudi Kindu na diploma ya ufamasia kutoka Ubelgiji. Sikupelekwa na mjomba waziri wala na chama. Mama yangu aliuza mchele wa Kibombo sokoni, na mimi nilijisomesha kwa kuosha sahani hotelini. Diploma hiyo niliitundika katika famasi ya hospitali, kando ya picha ya Rais, na chini yake nikabandika kanuni niliyoiandika mwenyewe: dawa iliyokwisha kutoka hapa hairudi, hata kama haijafunguliwa. Kabla yangu, wauguzi walimwaga vidonge vya wagonjwa waliokufa katika kopo moja na kuwagawia wengine. Nilikomesha mambo hayo kwa wiki moja.

Kisha insulini ikatuishia. Ndege ya mizigo haikuja, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wodini alilala mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mgonjwa wa sukari, anakonda huku tunamtazama. Nilipopita alinitania.

"Dokta, diploma yako haiwezi kuchemshwa, ninywe maji yake?"

Nikasikia kwamba ng'ambo ya mto, Alunguli, kuna mjane ambaye marehemu mume wake alikuwa akitumiwa insulini na ndugu yake kutoka Ulaya. Nilivuka mwenyewe. Vichupa vinne vilikuwa ndani ya mtungi wa maji, kwenye mchanga, kizani, baridi ya kutosha. Nilivisoma: tarehe nzuri, vimefungwa. Nikaamua kuivunja kanuni yangu, na niliona fahari hata kwa hilo, maana mwenye kuiandika ndiye anayejua mahali pa kuivunja. Lakini mama yule aliniomba nimwachie hadi kesho. Arobaini ya mumewe iliangukia kesho hiyo, alitaka kuvileta yeye mwenyewe, viwe sadaka. Nikakubali.

Kesho yake alikuja na kitambaa cheupe. Alikifungua mbele yangu. Vichupa viling'aa, hakuna hata kimoja chenye karatasi.

"Mama, maandishi yake iko wapi?"

"Yalitoka na maji, baba. Nilifua yote na sabuni. Kitu ya marehemu haitolewe sadaka bila kufuliwa. Shati zake nilifua, kofia nilifua, na hii dawa."

Mimi ni mtoto wa Kindu. Desturi hiyo naijua tangu sijaota meno, na sikukumbuka kumwonya.

Wakati ule insulini ilikuja kwa nguvu mbili, moja kali mara mbili ya nyingine, na nguvu yenyewe iliandikwa kwenye karatasi tu. Jana yake nilitazama tarehe, nguvu sikuishika kichwani. Niliviinua vichupa kwenye mwanga wa dirisha. Maji meupe, yote sawa.

"Ulisoma Ulaya," mama akasema kwa upole. "Angalia basi."

Niliangalia muda mrefu.

Daktari wa wodi aliniambia, "Wewe njo mwenye kusaini," yaani uamuzi ni wangu. Nikaenda kumweleza mwalimu: nikidhani ni hafifu kumbe ni kali, nitamuua mchana huohuo, nikidhani ni kali kumbe ni hafifu, atapata nusu.

"Nusu ya kitu inapita kukosa," alisema. "Saini."

Nilisaini kwa kuhesabu kwamba ni kali. Muuguzi akamchoma asubuhi na jioni. Dawa ya kupima sukari katika mkojo ilikwisha kabla ya insulini, kwa hiyo tulimpima kwa macho: anakunywa maji kiasi gani, anajibu au hajibu. Siku ya pili aliomba wali. Siku ya nne hakutania tena. Siku ya sita tulimfunika. Kama dawa ilikuwa hafifu, au joto liliiharibu njiani, au tulichelewa, sina namna ya kujua, na hakuna mtu wa kuniambia.

Baada ya siku chache yule mjane alivuka tena. Alisimama dirishani pa famasi, hakuwa na habari ya mwalimu.

"Baba, ile sadaka ilimufikia mutu?"

"Ilimfikia, mama," nikamjibu.

Akamshukuru Mungu, akanishukuru na mimi, akarudi mtoni.