Niliandika majibu ya udongo wa njia ambayo sikuikanyaga, mama mmoja wa Guta akaniuliza mbele ya mkutano

Wakuu, kwema?

Hili jambo nimelikalia muda mrefu. Leo naliandika lilivyo, na mwenye kunitukana nimempa ruhusa mapema.

Mimi ni fundi wa survey, kwetu Butiama. Nilikuwa kwenye kampuni moja ya ushauri wa barabara, jina naliacha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwekezaji mmoja alitaka kujenga kiwanda cha kukaushia dagaa upande wa Guta, kule Bunda. Njia ya kufika huko ni ya ng'ombe tu. Halmashauri na yeye wakakubaliana kugawana gharama za upembuzi yakinifu, nusu kwa nusu.

Upembuzi tu wakuu, siyo ujenzi. Tupime njia mbili, tuseme ipi inafaa.

Nusu ya mwekezaji ililipwa mwanzoni. Ya halmashauri, kwa mkataba, ilikuwa ilipwe baada ya ripoti.

Njia ya juu ilipita katikati ya mji wa mjane mmoja, nimwite Mama Nyanjura. Kaburi la mumewe lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, ndani kabisa ya alama zetu. Njia ya pili ilipita bondeni, haikugusa nyumba ya mtu.

Ya juu tukapima vizuri. Tukachimba mashimo ya kupima udongo, mama wa watu akatuletea na uji.

Siku ya kuhamia bondeni bosi wangu akanipigia. Hela iliyopo imeishia njia ya juu, na mwekezaji anataka ripoti wiki hii.

"Bondeni panajulikana hapafai. Wewe jaza tu, halmashauri wakilipa nusu yao tutarudi."

Nikajaza. Nilikaa lodge Bunda mjini na soda yangu, nikaandika majibu ya mashimo sita ambayo hayapo. Nikaandika bondeni hapafai. Wala sikuona aibu, nilijiambia kila mtu anafanya hivi.

Ikaja siku ya mkutano wa wananchi. Uwanja wa shule umejaa, afisa wa halmashauri yupo, mwekezaji yupo. Bosi akanikabidhi ripoti niisome. Nikasoma.

Mama Nyanjura akasimama. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, hayo mashimo ya bondeni mlichimba lini?"

Nikasema mwezi uliopita.

"Mimi nachungaga huko kila siku. Ng'ombe wangu si wangekuwa wameshavunjika miguu? Nionyeshe hata moja, mzee wangu pale kaburini nitamhamisha mwenyewe."

Bosi kanikazia macho. Afisa akaacha kuandika, akaniuliza, "Yapo au hayapo?"

Nina watoto wawili na ile kazi ndiyo ilikuwa inawalisha.

Nikasema hayapo.

Bosi aliondoka bila kunipakia kwenye gari, na kazi ikaishia pale pale. Ripoti ilikataliwa. Halmashauri na mwekezaji wakakaa upya, kila mmoja akatoa sehemu yake kabla ya kazi kuanza. Kampuni nyingine ikachimba bondeni kweli.

Sasa hapa ndipo panaponiuma.

Majibu yakatoka: udongo mweusi, mvua ikinyesha unavimba, haubebi lori. Bondeni hapafai kweli. Barabara ikabaki njia ile ile ya juu.

Mama alikuwa na namba yangu tangu siku za kupima. Simu yake ilipoingia nikajua ananilaumu kwa kumpa matumaini ya bure.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Tunamhamisha mzee. Mashimo nimeenda kuyaona mwenyewe, nimeridhika."

Nilienda. Nikashika koleo pamoja na wanawe, na nililia kuliko wao.

Nilichojifunza ni kwamba kuotea jibu sahihi hakukunisafisha. Bila swali lake, yule mama angezeeka akiamini mumewe alihamishwa kwa sababu tajiri alilipa kwanza. Na mimi ndiye ningekuwa nimemfanyia hivyo, ripoti ikiwa sahihi kabisa.

Mlio kwenye hizi kazi za kupima, nijibuni bila kujipamba: ungekuwa wewe pale lodge, ungejaza?