Udongo Mbaya Kabisa

Shemeji yangu, mke wa kaka, anapima udongo kwenye maabara ya kilimo. Mimi humwita Daktari wa Matope, naye huniita Mgonjwa. Wakulima humletea udongo, anauanika, anauchekecha, anaukoroga kwenye maji na kutumbukiza kipimo chake. Kisha anasema una tindikali kiasi gani, na chokaa kiasi gani itaupunguzia ukali.

Mama yetu hakuwa akiamini mambo hayo. Lakini kwa misimu mitatu mfululizo mahindi ya shamba lake la nusu ekari yalitoka ya njano na kuishia magotini. Akaapa kwamba yakigoma tena, kulima basi. Shamba hilo amelilima tangu hatujazaliwa. Nilijua akiliacha atabaki kitini akitugombeza, na mwisho atanyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo lililonitisha. Basi nikambembeleza mpaka akafunga udongo kwenye kitambaa safi, akampelekea mkwe wake.

Kipimo kikasoma saba na nusu. Udongo wa hivyo hauhitaji chokaa hata kijiko, unahitaji pongezi. Shemeji akarudia mara mbili, akauchekecha upya, akakuta kipande cha mkaa. Akajua umechotwa nyuma ya jiko, mama anapomwaga majivu, na majivu huua tindikali.

Sasa utamwambiaje mama mkwe kwamba amekudanganya? Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini jaribu kumtamkia mama mkwe methali hiyo. Shemeji alikuja Jumamosi na ndoo na jembe, akaomba tu atembezwe shambani. Akachota hapa na pale, mahali kumi na tano, akichanganya kwenye ndoo. Mama alimfuata, nami nyuma yao. Walipofika kwenye kona ambako hata magugu yalikuwa yamekata tamaa, akasema:

"Ningekuleteaje huu, mkwe wangu? Mgeni hapewi kikombe kilichopasuka."

"Mama, mimi si mgeni."

Ana miaka tisa kwetu, na sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia hivyo. Niliona aibu, nikambebea ndoo.

Safari hii kipimo kilisoma nne na nusu, na namba ikishuka hivyo tindikali imepanda. Akafanya na kipimo cha pili, cha kujua chokaa inayotakiwa: mifuko ishirini ya kilo hamsini. Mgongo wangu unaikumbuka yote. Tuliimwaga na kuilima ndani ya udongo miezi miwili kabla ya kupanda, tukawa weupe hadi kope, mama akitucheka.

Mahindi yale yalinipita kichwa. Nina picha nimesimama katikati yake, sionekani.

Baada ya mavuno nilikuwa maabara nikimchokoza shemeji, mama akaingia bila hodi. Akaweka mezani mfuko wa udongo wa kipande chake kingine cha shamba, cha bondeni, ambacho sote tulidhani alishakisahau.

"Huu ndio mbaya kabisa, mwanangu," alisema. "Nimechota mpaka kwenye kona."

Shemeji aliupokea kwa mikono miwili.