Liki Zilizokaa Ngomeni

Idwal Probert hakuwahi kumshinda Eirlys Pugh. Tangu mkewe akiwa hai alipeleka liki zake, mboga ndefu za jamii ya kitunguu, kwenye maonyesho ya mboga ya kijiji chetu, na kila mwaka kombe lilikwenda kwa Eirlys, jirani yake. Sasa mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. Alijua asiposhinda mwaka huu, basi tena.

Tumaini lake lilikuwa kwenye kilima cha ngome, kilicho katika malisho yake kando ya mto Ceiro. Ngome yenyewe ilikuwa ya magogo, ikaoza karne nyingi zilizopita. Limebaki tuta la udongo na handaki lililoota majani. Sheria inakataza mtu kuchimba hapo hata kwa kijiko. Lakini fuko, wale wanyama wadogo wachimbao chini ya ardhi, hawasomi sheria. Walichimba watakavyo, wakasukuma juu udongo laini kama unga, na Idwal akapita na ndoo kuuzoa. Aliujaza kwenye mapipa yasiyo na vitako, akapanda liki. Zikanenepa kama mikono ya mhunzi.

Maonyesho yakiwa yamekaribia, akaja mkaguzi wa mambo ya kale, Bi Tamsin, mwenye adabu na viatu safi.

"Udongo huu umeutoa wapi, mzee?"

"Kwa fuko."

"Na fuko wameutoa wapi?"

Idwal akautazama mto kana kwamba haujui.

"Ni wa ngome," alisema Bi Tamsin. "Urudi kilimani wote."

"Na liki zangu?"

Bi Tamsin alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. "Liki hazimo katika sheria."

Basi majirani wakayapandisha mapipa kwa kamba, wakayavua kama soksi, na liki zikabaki zimesimama juu ya tuta. Idwal akashika moja aing'oe.

"Usiguse!" Bi Tamsin alipiga kelele. "Udongo ukishafika hapa ni kilima. Kung'oa ni kuchimba!"

"Kubali yaishe, Idwal," alisema Eirlys. "Njoo unywe chai."

"Kanywe na kombe lako, maana unaliaga."

Idwal akamwendea mwamuzi, Bwana Gethin. Gethin akasema yuko tayari kupanda kilima, ila kanuni ni moja: liki hupimwa zikiwa juu ya meza. Baba yake aliamua hivyo, na yeye hatakuwa wa kwanza kuvunja.

Idwal alikuwa na meza moja tu, ile aliyolia chakula na mkewe tangu harusi. Aliizunguka jikoni, akaipapasa, akaondoka, akarudi. Kisha akachukua msumeno. Aliikata miguu ikawa fupi, akaipasua katikati na kutoboa matundu kwenye mpasuko. Siku ya maonyesho aliziunganisha nusu zake kuzunguka liki, zikachomoza juu ya mbao kama wageni waliochelewa kuletewa supu. Bi Tamsin aliweka vipande vya kadibodi chini ya miguu ya meza, ili isiumize historia.

Gethin alipiga magoti kwenye manyunyu, akapima unene, akanusa.

"Mizizi iko wapi?"

"Chini ya ulinzi wa serikali," alisema Idwal.

Gethin akakubali. Idwal akapewa kombe, akalikumbatia kwa mikono yote miwili lisitetemeke.

Eirlys alipiga makofi kwa ncha za vidole. "Hongera. Sasa tupikie."

Hapo watu wote wakamgeukia Idwal. Kwa desturi yetu mshindi huwapikia wanakijiji supu ya liki zilizoshinda, jioni ileile. Idwal alimtazama Bi Tamsin. Bi Tamsin akatikisa kichwa kukataa.

Eirlys akacheka mpaka akajishikiza kwenye ile meza. Kisha akaenda kwenye hema la maonyesho, akazitwaa liki zake zilizoshindwa, akamtupia Idwal miguuni.

"Kata nyembamba, baba. Zangu hazijazoea kushindwa."

Jioni tukala. Eirlys alimwinamia Idwal mbele ya watu.

"Enhe, zikoje?"

"Zina nyuzinyuzi," alisema Idwal, akajipakulia tena.