Mitungi Mitatu ya Mya Thaung

Kwa miaka thelathini na mmoja Mya Thaung aliamka kabla ya jua kwa sababu moja tu: mitungi mitatu ya udongo kwenye kibanda cha mbao, njia panda ya kwenda soko la mji wa Pakokku. Alichota kisimani, akabeba kwa mzegazega, akajaza, akafunika, akatundika kata ya kifuu. Mwenye kiu alikunywa akaenda zake. Hakuna aliyemshukuru, naye hakungoja shukrani. Wapo wasiojua kutenda wema bila kupiga ngoma. Yeye hakuwa mmoja wao. Siku aliyomzika mumewe alijaza mitungi kwanza, ndipo akalia. Majirani walimsema sana, lakini bila mitungi ile asingeinuka kitandani.

Basi siku moja akaja Nyunt Wai, mfanyabiashara wa vitunguu aliyekulia mtaa huohuo, sasa tajiri ambaye kitambi chake hufika kabla yake.

"Shangazi Thaung, umeshachoka sasa. Nataka nijenge hapa banda la maana. Vigae, mabomba, mashine ya maji baridi. Thawabu tutagawana."

"Na mitungi je, mwanangu?"

"Mitungi ya nini tena? Wewe pumzika tu!"

Angesema nini? Kwao, kumkatalia mtu sadaka yake ni kumharibia maisha yajayo. Alicheka kicheko cha adabu, kisha akahamishia mitungi jikoni kwake.

Banda likasimama kando ya kibanda cha zamani, na kusema kweli lilikuwa zuri kupita kiasi. Vigae vyeupe, nguzo za rangi ya dhahabu, paa la ngazi ngazi kama la hekaluni, na jiwe lenye jina la Nyunt Wai, la mkewe na la mama zao wote wawili. Watawa walisoma dua, watu wakala tambi wakashiba. Kesho yake Mya Thaung aliamka saa ileile, akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Alikuwa na huzuni, tena akaionea haya huzuni yenyewe.

Siku ya tatu mlango wa jikoni ukagongwa. Alikuwa Ba Htwe, mwendesha baiskeli ya abiria.

"Shangazi, naomba maji."

"Si kuna mashine pale?"

"Mashine ipo, lakini pale mtu anavua viatu."

"Nani kasema mvue?"

"Hajasema mtu. Kwani paa lile la hekalu hulioni? Nipande pale na kandambili zangu, nionekane sina adabu? Nikivua, lami inaniunguza. Nikimaliza kuvaa, abiria keshaondoka."

Mya Thaung akajaza mtungi mmoja. Wiki haikuisha, mitatu yote ilikuwa imejaa, na mlangoni wamechuchumaa madereva, wauza mboga na wapita njia. Alifurahi, na papo hapo aliogopa. Nyunt Wai akiona, atasema bibi kizee anamwonea wivu, anamwibia thawabu. "Kunyweni kimyakimya," aliwasihi.

Adhuhuri moja, jua likichoma kama pasi, Mya Thaung alimwona Nyunt Wai kupitia dirisha. Gari lilikuwa limemharibikia, kaja kwa miguu, shati limemganda mgongoni. Alisimama mbele ya banda lake akitazama kulia na kushoto. Aliinama afungue kamba za viatu, kitambi kikakataa. Akajaribu tena, akaacha. Kisha akageuka na kuja moja kwa moja jikoni.

"Nyie mnafanya nini hapa?"

Ba Htwe ndiye aliyejibu. "Hilo hilo ulilolifuata wewe, bwana mkubwa."

Nyunt Wai aliitazama kata, akaichukua. Akanywa ya kwanza, ya pili, ya tatu, maji yakimtiririka kidevuni.

"Yananukia udongo," alisema taratibu. "Kama zamani." Halafu akaketi kizingitini na kucheka mpaka kitambi kikatikisika. "Sasa shangazi, mbona hukuniambia?"

"Ungeniona nakuonea choyo."

"Rudisha mitungi. Kesho asubuhi, tafadhali."

"Na banda?"

"Waachie mbwa," Ba Htwe akadakia. "Wao hawana viatu."

Mlango mzima ukaangua kicheko, na mwenye banda ndiye aliyecheka zaidi. Mya Thaung alishusha pumzi aliyoibeba wiki nzima, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Nilidhani sina kazi tena duniani," alisema, bila kumficha mtu.

"Basi nikuletee nini? Sema chochote, shangazi."

"Kata. Hii imepasuka."

Kesho yake Nyunt Wai alileta kata ishirini za chuma, zinang'aa, kila moja imechorwa jina lake. Mya Thaung alichagua moja, akaifunga kamba kibandani, kumi na tisa akamrudishia.

"Moja inatosha, mwanangu. Akimaliza huyu, atampa mwenzake."