Maharage ya Kipeuo

Miaka yote nimekana kwamba maharage ndiyo yaliyonifelisha hesabu. Leo makande yamechemka jikoni kwangu, na harufu imenirudisha kwenye ngozi ya ng'ombe tuliyoanikia maharage uani.

Siku ile, kesho yake ulikuwa mtihani wa hesabu wa kidato cha pili. Ili nirahisishe kipeuo cha pili cha 72, nilipanga maharage sabini na mawili juu ya ngozi ile yakawa miraba miwili, kila upande sita. Nikaenda kufunga ndama. Niliporudi, mraba mmoja haukujaa! Nilishtuka, nikadhani nilihesabu vibaya, nikaamini hakirahisishiki. Swali hilohilo likaja, nikaandika, "Haiwezekani." Nikarudia kidato nikimlaani kuku wa uani, niliyekuja kuamini ndiye aliyeyadonoa.

Nimempigia mama.

"Shikamoo mama. Yule kuku aliyekula maharage yangu..."

"Marahaba. Kuku gani? Nilichota mimi, makande yalipungukiwa. Kwani yalikuwa na kazi?"